Kupita na kupitwa: siku moja ya bodaboda, kutoka Kisauni hadi Changamwe na kurudi

Saa 11:15 alfajiri, Kisauni, Mombasa

Upepo wa tairi unapimwa kabla pikipiki haijatoka, maana tairi likishapata moto kipimo kinadanganya. Pikipiki yangu, Boxer 150, inataka PSI 25 mbele. Nyuma ni 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba, na kwa sababu kubeba ndiyo kazi, naweka 32. Cheni naisukuma kwa kidole katikati: icheze sentimita 2 hadi 3. Halafu waya wa breki ya mbele. Chumvi ya bahari inaula kutoka ndani, taratibu, na mahali pa kwanza kukatika ni pale kichwani, unapoingia kwenye mkono wa breki. Nikiona uzi mmoja umechomoza, waya unabadilishwa siku hiyo hiyo.

Taa ya breki nayo naiangalia, kwa sababu ndiyo inayomwambia mwenzangu wa nyuma kwamba njia mbele imefungwa. Na vioo vyote viwili vibaki mahali pake. Wengi wanavifungua ili wapenye vizuri. Silikubali hilo hata kidogo: unapata upenyo wa vidole viwili, unapoteza habari zote za nyuma, na nyuma ndiko wanakotokea wenzako.

Saa 12:30 asubuhi, Kongowea hadi Daraja la Nyali

Magari yanaelekea kisiwani, yanatambaa. Hapa mwendo wangu unategemea mwendo wao. Wakiwa wamesimama, mimi kilomita 15 kwa saa, nikizidi sana 20. Wakitembea 20, mimi 30 na kitu. Wakifika 40 narudi kwenye foleni na kujihesabu kuwa gari. Hesabu yake ni rahisi: ukienda 50 unakula mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayopita kati ya kuona hatari na kukamata breki. Hizo ni gari tatu umeshazipita hujafanya chochote. Ukienda 20 ni mita 5 na nusu, gari moja tu.

Vidole viwili vinalala juu ya breki, viwili juu ya klachi. Macho hayatazami bodi ya gari, yanatazama tairi lake la mbele, kwa sababu tairi huanza kupinda kabla bodi haijasogea. Leni moja ikianza kutembea huku nyingine imesimama, pakafunguka nafasi ya gari moja, ujue mtu atairukia, na hatapiga indiketa. Natoa gesi kabla sijafika usawa wake.

Sasa tuzungumzie sisi kwa sisi, maana matatu na trela tunazilaumu kila siku, lakini ajali nyingi ndogo za asubuhi ninazoziona mimi ni boda kwa boda.

Kwenye upenyo kati ya magari tunakwenda mmoja mmoja. Aliye mbele ndiye mwenye njia. Nikiwa na haraka kumzidi, simsogelei hadi tairi langu likawa usawa wa kisigino cha abiria wake; naacha urefu wa gari moja na kusubiri. Honi ni moja, fupi, ya kumjulisha nipo. Honi ndefu inamtia papara, na mtu mwenye papara ndani ya upenyo wa mita moja hugonga kioo cha gari, anayumba, na wewe uliyemharakisha ndiye unayemwingia.

Nami nikiwa mbele, nikaona taa ya mtu kwenye kioo, deni ni langu. Pengo la kwanza la salama upande wa kushoto naingia, bila kubana breki ghafla, namwonyesha mkono wa kushoto apite. Kabla ya kurudi kwenye upenyo nageuza shingo. Kioo peke yake hakitoshi, kwa sababu wakija watatu kioo kinakuonyesha mmoja.

Barabara ikifunguka baada ya daraja, kumpita mwenzako kunataka leni nzima. Usimpite ndani ya leni yake hata kama pana nafasi. Boda akiona shimo anahama mita moja kwa mpigo, hapigi indiketa wala hatazami nyuma, na hana kosa, shimo limemshtua. Kwa hiyo napita kulia, mbali na mkono wake, na sirudi kushoto mpaka nione taa yake ya mbele na tairi lake vyote ndani ya kioo changu. Kisha nakwenda. Kumpita mtu halafu kufunga breki mbele yake kwa sababu umeona mteja ni ukatili. Na mtu aliye katikati ya kumpita mwingine, usimpite.

Saa 2:40, Mwembe Tayari

Hapa ni tuktuk. Ina tairi moja mbele, inageuka mahali padogo kuliko unavyodhani, na dereva haoni nyuma vizuri. Kwa hiyo kabla ya kusoma tuktuk nasoma watu walioko kando ya barabara. Mtu akinyanyua mkono, au abiria wa ndani akiinama mbele kusema "nishushe hapa", tuktuk itakwenda kushoto papo hapo. Sipiti kushoto kwake. Matatu ni hivyo hivyo: mlango uko kushoto na makanga anaruka gari likiwa bado linatembea.

Saa 3:30, abiria

Sheria ya trafiki ya Kenya inataka abiria mmoja, na nyote wawili helmeti na rifleta. Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba abiria anabadilisha upana wa pikipiki. Akina mama wengi wa hapa hukaa upande, miguu yote kushoto, na magoti yanatoka nje ya usukani. Nikimbeba hivyo sipenyi tena kati ya magari, nakaa kwenye foleni.

Buibui na leso ni jambo la kuulizwa kabla ya kuondoka, kwa adabu. "Mama, samahani, kusanya buibui lako ulikalie, lisifike kwenye tairi." Nasubiri mpaka nione pindo liko chini yake. Kitambaa kikishikwa na spoki au cheni kinamvuta mtu chini kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Saa 5:00, Makupa, Kibarani, Changamwe

Trela za bandarini. Kontena la futi 40 ni mita 12, kichwa hujakihesabu. Kati ya trela mbili siingii, hata zikiwa zimesimama na madereva wanakunywa chai, kwa sababu zikianza kutembea sina pa kutokea.

Nisipoona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hanioni. Na trela inayotaka kukata kushoto huanza kwa kujitanua kulia, ili mkia upate nafasi. Inakuachia uwazi mzuri kushoto, mpana, unakuita. Uwazi huo unakuja kufungwa na tairi za nyuma. Ukiona trela imejitanua, simama nyuma yake, na mnyooshee mkono mwenzako aliye nyuma naye asimame.

Saa 7:00 mchana

Wali wa nazi, maji, kivuli. Mikono iliyochoka haikamati breki sawasawa.

Saa 11:30 jioni, Daraja la Nyali, kurudi

Msimu wa kusi upepo unatoka baharini, na ukitoka mjini bahari iko mkono wa kulia. Unakusukuma kushoto, kuelekea kwa yule unayempita. Pikipiki yenye mwavuli inasukumwa zaidi. Yangu naufunga kabla ya kupanda daraja, na nikimwona mwenzangu anao, simpiti juu ya daraja. Nikiwa napitwa na basi, upepo unakatika kwa sekunde mbili kisha unarudi kwa kishindo. Ukijua unakuja, unalegeza mikono na kubana tangi kwa magoti.

Saa 1:15 usiku, Kongowea

Taa moja inayokuja mbele si lazima iwe boda. Kuna tuktuk zenye taa moja, na upana wake unazidi mita moja. Siku ya mvua ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwanga unatawanyika kwenye maji ya barabarani. Kwa hiyo kila taa moja naipa nafasi ya tuktuk. Kupenya kati ya magari usiku nimeacha kabisa, isipokuwa yamesimama, na hapo 10 tu.

Saa 3:00 usiku, nyumbani

Maji baridi ya bomba kwenye breki, spoki na cheni, kutoa chumvi. Kitambaa kikavu, kisha oili ya cheni matone machache kwa ndani, nikizungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Mwisho kabisa nafuta vioo.