Jinsi tulivyopata wazo la filamu ya darasani

Kila wazo letu lilifanana na filamu iliyokwishatazamwa: jambazi anayetubu, au mkasa ambao kumbe ulikuwa ndoto. Kilichotukwamua ni kuacha kutafuta hadithi na kuanza na mahali. Tuliorodhesha sehemu tunazoweza kurekodi bila kuomba kibali, tukachagua ngazi za jengo. Nani anapita hapa, anataka nini, nani anamzuia? Katika majibu yetu akatokea mzee anayepandisha kiti, kila ghorofa anakikalia apumzike, na jirani anayedai kiti ni chake. Nilikipenda kisa hiki papo hapo: ugomvi wa kiti unaonekana kwa macho, hauhitaji mtu kueleza. Muswada ukawa kurasa 5, yaani kama dakika 5 za filamu. Mwalimu aliupitisha.