Kijiko cha asali

Saa saba mchana leo, chini ya mwembe hapa Tabora mjini. Fundi cherehani mmoja anashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mara ya tatu. Ya nne. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka.

"Huyo kalewa," watu wakasema.

Hakulewa. Ana kisukari, anachoma insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini. Asubuhi alichoma, kazi zikambana, akaruka mlo. Sukari ikashuka mno: kipimo cha damu ya kidoleni kikasoma 3.1 (mmol/L).

Sukari ikiwa chini ya 4, usisubiri wali uive! Kijiko kimoja kikubwa cha asali (Tabora tukose asali?), au vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda, ila si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, ale chakula.

Aliyezimia msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Baadaye uzi ukapita tunduni mara moja tu. Ule uzi nimeutazama sana.

Kazini kwenu, mnajua nani anachoma insulini?