Walisema ni Konrodi: Nilivyoutafuta Mlio wa Hilux Yangu

Ukitaka kujua mji wako una mafundi wangapi, fungua boneti ya gari linalogonga. Hilux yangu ni ya dizeli, injini ya 3L, ile ya lita 2.8 isiyokuwa na tabo, na kazi yake ni kuteremsha nyanya na vitunguu kutoka Ilula kwenda Morogoro. Ilipoanza kutoa mlio usiokuwa wake, nilipewa majibu kabla sijamaliza kuuliza. Dereva mmoja wa lori aliniambia niweke oili nzito na mlio utakufa wenyewe. Mwingine alisema nimeuziwa dizeli iliyochakachuliwa. Fundi wa gereji ya kwanza hakushika hata spana, alisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni, kisha akasema, "Mama, hiyo ni konrodi. Ukiendelea kuliendesha litatoboa bloku." Konrodi ni chuma kinachounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Gharama ya kushusha injini, kuchonga kranki na kuweka beringi mpya aliitaja kwa wepisi wa ajabu: milioni mbili na kitu, gasketi zikiwa pembeni.

Katika ushauri wote huo, ule wa oili nzito ndio unaoniudhi hadi leo. Oili nzito inaweza kuufunika mlio kwa muda, lakini kilichochakaa kitabaki kimechakaa, na asubuhi za baridi za nyanda za juu oili hiyo huchelewa kufika kwenye vijitundu vyembamba ambako inahitajika kuliko mahali pengine. Mbele mtaona kwa nini katika gari langu jambo hilo lingekuwa baya zaidi.

Mimi si fundi, ila gari hilo ninalisikiliza kila siku, na konrodi niliikataa kwa sababu moja. Konrodi iliyolegea hugonga kwa kishindo kizito, na huzidi gari linapovuta mzigo. Langu, likirudi kutoka Morogoro, lilikuwa linapanda mlima wa Kitonga likiwa na shehena bila kugonga, halafu likifika juu, injini ikiwa ya moto na imekaa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ndipo linaanza: mlio mkavu, wa haraka, kama mbegu zinazotikiswa ndani ya kibuyu. Tena mapigo yake yalikuwa ya haraka kuliko mzunguko wa injini yenyewe. Kitu kinachogonga kwa kasi kuliko kranki ni vigumu kiwe konrodi moja iliyolegea. Huenda kinazungushwa na puli ndogo kuliko ya kranki.

Nilianza na mbinu ambayo kila mtu anaisifu, ya bisibisi ndefu. Unaweka ncha kwenye chuma cha injini, mpini unaukandamiza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, nawe unasikiliza kama daktari. Nilivua kilemba ili kisije kikanaswa na feni, nikainama, nikapima. Kwenye kifuniko cha vali kulikuwa na mlio. Kwenye pampu ya dizeli kulikuwa na mlio. Kwenye mguu wa injini pia, na hata kwenye kikalio cha betri, ambacho hakina kitu chochote kinachozunguka, nilisikia mlio mzuri kabisa. Mpwa wangu aliyekuwa ananimulikia tochi alipendekeza tupime na matairi. Tatizo la bisibisi ni kwamba chuma husafirisha sauti kwenda kila upande, na mtu asiyekuwa na sikio lililozoea atakuta ugonjwa kila anapogusa.

Kilichonisaidia ni kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kirefu kidogo kuliko mkono. Upande mmoja unauweka sikioni, upande wa pili unauzungusha karibu na injini bila kugusa chochote. Mpira haubebi mtikisiko wa chuma. Unaleta sauti inayopita hewani tu, kwa hiyo ukiusogeza hata upana wa kiganja unasikia tofauti. Kila nilipoupeleka nyuma ya alternata, ile inayochaji betri, mlio ulijaa sikio, nilipouondoa, ukafifia.

Nikaenda na habari hiyo kwenye gereji nyingine, kwa kijana mtaratibu ambaye alinisikiliza mimi kwanza ndipo akaisikiliza injini. Ili kuimaliza kesi ya konrodi alilegeza nati za mabomba ya nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma. Silinda ikinyimwa dizeli haichomi, na kama konrodi yake ndiyo mkosaji, mlio hupungua. Injini ilichechemea kila aliposhika silinda mpya, lakini mlio wetu haukujali hata kidogo. (Anayetaka kujaribu hili nyumbani afunike nati kwa kitambaa na asiweke kidole, kwa sababu dizeli ya pampu hiyo hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.)

Jibu lenyewe lilinijia Kitonga, kwenye foleni nyuma ya malori. Nilikanyaga breki mara kadhaa mfululizo, na mlio ukashuka. Nilipoiachia, baada ya muda mfupi ukarudi. Nikarudia mpaka utingo akaniuliza kama breki zina shida. Breki na mlio wa injini vinakutana wapi? Injini ya dizeli ya aina hii haina mvuto wa hewa unaotosha kusaidia breki kama ilivyo kwa petroli, kwa hiyo imewekewa pampu ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, na katika 3L pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alternata, ikizungushwa na shafti yake na kulainishwa na oili ya injini kupitia kijibomba. Unapokanyaga breki unaruhusu hewa iingie kwenye haidroveki, kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki, mzigo wa pampu unabadilika, na mlio nao unabadilika.

Kijana alitoa mikanda ya mbele, si ule wa taiming ulio ndani ya kifuniko, akawasha injini kwa muda usiozidi dakika moja, maana pampu ya maji nayo ilikuwa imesimama. Kimya. Nilimwomba aizime na kuiwasha tena, si kwa sababu ya uchunguzi bali kwa raha ya kusikia.

Tulipofungua vakyumu, tulikuta vibapa vyake vimelika pembeni na meno ya shafti yamelegea. Sababu ilikuwa ndani ya kijibomba cha oili: silikoni nyekundu ya gasketi, imejikunja kama uzi na kubakiza kitundu ambacho sindano ingepita kwa shida. Aliyebadilisha kaboni za alternata miezi kadhaa kabla alikuwa amepaka silikoni mahali pa oringi, tena kwa ukarimu, na iliyozidi ikaingia njiani. Sasa fikirieni oili nzito ingepitaje hapo.

Alternata iliyotumika, ikiwa na vakyumu yake, niliagiza kutoka Gerezani, Dar es Salaam, ikaja na basi. Ukijumlisha nauli na ufundi haikufika laki nne. Ukinunua, ishike shafti uitikise, na uzungushe puli kwa mkono huku umeziba tundu la hewa kwa kidole. Kidole kisipovutwa, mrudishie muuzaji. Kijana alisafisha kijibomba, akamimina oili kidogo ndani ya pampu, na kabla ya kukaza bomba nilimtaka apige staata kidogo ili nione oili ikifika kwa macho yangu. Ilifika, na ikafika pia kwenye viatu vyangu.

Breki nazo zimekuwa laini. Ugumu wake sikuwa nimemlalamikia mtu yeyote, kwa kuwa nilidhani ni goti langu.