Vyuma viwili kwenye paja la mwanangu

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda, mwaka wa 17 huu hapa Morogoro. Ndiyo maana daktari aliposema atamtia mwanangu vyuma viwili ndani ya mfupa wa paja, na kwamba havifungwi skrubu hata moja, niligoma. Chuma kisichofungwa popote kinashika nini?

Mtoto alikuwa na miaka 8. Alidondoka kwenye mwembe wa jirani, msimu wa dodo. Nilimkuta paja limepinda katikati, pasipo na kiungo, na limeshaanza kujaa. Mama mmoja pale, Mungu ampe kheri, alizuia watu wasimnyooshe. Aliuweka mguu mbovu ubavuni mwa mzima, akatia mto katikati, akafunga yote miwili kwa kanga tatu. Hivyo hivyo tukampakia kwenye gari. Bibi yake alitaka tupitie kwanza kwa mzee anayekanda mifupa. Siku hiyo ukaidi wangu ulifaa.

Wodini nikaona kila umri na dawa yake. Kulikuwa na kachanga ka mwaka mmoja na nusu, miguu yote miwili imening'inizwa juu kwa kamba, matako hayagusi kitanda, na kenyewe kanacheka. Mwingine wa miaka 3 alifungwa hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia kiunoni hadi mguuni. Nikamwambia daktari: basi na wangu mfunge hogo. Akasema kwa umri huu atalala wiki nyingi, na mfupa unaweza kuungana ukiwa umepinda au umepishana.

Alipoona bado nanuna, akaniletea chuma chenyewe. Titani, milimita 3.5, nene kidogo tu kuliko vile vijiti vyangu vya kuchomelea vya 3.2. Akasema tundu la ndani la mfupa wa mtoto wangu, pale palipo pembamba, ni milimita 9, na kila chuma huchukua kama asilimia 40 ya upana huo. "Kipinde." Nikakipinda kidogo, nikaachia, kikarudi. Hapo nikaelewa kabla hajamaliza kueleza. Vyote viwili hupindwa mfano wa upinde, kimoja kinaingia upande wa ndani wa paja, kingine upande wa nje, juu kidogo ya goti ili visiguse sehemu mfupa unaporefukia. Mle ndani vinatazamana, kila kimoja kinataka kunyooka, kila kimoja kinasukuma ukuta wake. Vinashika kwa kusukuma! Njia hii ilikomazwa na madaktari wa Nancy, Ufaransa. Natamani wangekuja karakana kwangu tukanywa chai.

Nilitia saini. Akapigwa nusu kaputi, akatoka na vidonda viwili vifupi tu vya juu ya goti. Siku chache baadaye alikuwa kwenye magongo, mguu haukanyagi bado. Kilichomsumbua ni ncha za vyuma pale gotini, zilimchoma kila akikunja mguu, na kwa kweli usiku mwingine alilia. Picha ya wiki ya sita ilionyesha kiwingu cheupe kimezunguka palipovunjika. Mfupa ulikuwa unajichomelea wenyewe, tena kwa mshono mnene kuliko wangu.

Vilitolewa mwezi wa tisa baada ya kutiwa. Niliviomba, nikapewa kimoja.

Jambo moja daktari alinionya mapema: kwa watoto wa umri huu mfupa uliovunjika huchangamka ukarefuka, pengine hata sentimita moja kuliko mwenzake, na mara nyingi mtoto hata hasikii tofauti. Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini fundi ni fundi, kila Jumapili nikawa namlaza sakafuni namnyooshea miguu nipime. Mara ya mwisho nilipata milimita 6. Jumapili iliyofuata futi yangu haikuonekana, na mama yake anaapa hajui ilipo.