Nilidhani hatutumii IPv6

Taarifa ilitoka Jumanne, 13 Agosti 2024: mwanya wa usalama kwenye sehemu ya Windows inayoshughulikia TCP/IP, yaani mawasiliano ya mtandao, uliopewa namba CVE-2024-38063 na alama ya hatari 9.8 kati ya 10. Mshambuliaji hahitaji nywila, wala mtumiaji hahitaji kubofya chochote. Anarusha pakiti (vifurushi vya data) za IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, zilizotengenezwa kwa hila mpaka hesabu ya ndani ya Windows ishuke chini ya sifuri, na akifanikiwa anaendesha programu yake kwa mamlaka ya mfumo wenyewe.

Wenzangu kazini wakasema, sisi hatutumii IPv6. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani za mtandao, kwenye seva ya kwanza na kukuta anwani inayoanza na fe80, yaani ya IPv6. Seva ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Hakuna aliyeiweka. Tangu Windows Vista, IPv6 huja ikiwa imewashwa, na kadi ya mtandao hujipa anwani hiyo yenyewe. Maana yake, kompyuta moja iliyotekwa humu ndani ingeweza kuzifikia jirani zake zote.

Tukafikiria kuizuia IPv6 kwa fayawoli ya Windows, ile programu inayochuja mawasiliano ya mtandao. Bahati nzuri nilisoma kwanza: mtafiti aliyegundua mwanya alieleza kwamba pakiti huchakatwa kabla ya kufika kwenye fayawoli hiyo. Tungelala usingizi mzito huku mlango uko wazi.

Kompyuta za mezani tuliziwekea kiraka, yaani sasisho la kuziba mwanya, usiku uleule. Shida ilikuwa seva mbili za hifadhidata, ambazo zisingeweza kuzimwa na kuwashwa kabla ya Jumamosi. Hizo niliziondolea tiki ya IPv6 kwenye kadi ya mtandao, jambo lisilohitaji kuwasha upya. Nilianza na ile yenye kazi ndogo, nikaiangalia saa nzima, kwa sababu zipo huduma za Windows zinazotegemea IPv6. Jumamosi nikaweka kiraka, nikarudisha tiki.

Kilichonishtua zaidi ni kompyuta nne zilizoonekana zimesasishwa kumbe kiraka kimepakuliwa tu, kinasubiri kuwashwa upya. Tangu hapo nikaacha kuamini orodha, nikawa nafungua winver, kidirisha kinachoonyesha toleo la Windows, na kusoma namba: kwa Windows 10 toleo la 22H2 nilitaka nione 19045.4780 au zaidi.

Laptopu ya mwisho ilikuwa kabatini, chaji imekwisha. Niliiwasha bila kuiunganisha na mtandao, nikaiwekea kiraka kwa flashi.