Nilivyopeleka mambo ya udumavu kilabuni, Kilolo

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Kilolo, mkoani Iringa, na nikisikia tena mtu wa mjini anasema "wanawake wa Iringa hawana elimu ya lishe" ntagombana naye. Utafiti wa 2022 ulionyesha udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, mkoani kwetu ni karibia watoto 57 kwa kila 100, taifa zima 30, na sisi ndo tunalisha nchi mahindi! Basi wakaleta semina na mapishi darasa saa nne asubuhi, msimu wa palizi, nani aje? Mama mmoja akapita na jembe begani akaniambia, "Dada, yai najua ni zuri, ila ndo chumvi na sabuni yangu hiyo."

Nikakata mwanzi, huuhuu unaotoa pombe ya ulanzi, nikapiga alama nyekundu kwenye sentimita 81. Mtoto wa kiume akitimiza miaka miwili akasimama chini ya hapo, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani huyo amedumaa (wa kike ni 79 na pointi kidogo, usichanganye). Nikaenda nao kilabuni jioni. Lishe sikuitaja kabisa, nikauliza tu nani mwanae wa kiume wa miaka miwili anavuka hapa. Baba mmoja msifaji hatari akatuma kijana amlete mwanae mbio, kumsimamisha, kichwa kimeishia vidole viwili chini ya alama! Watu hoi kwa kicheko, yeye akadai mwanzi wangu umepinda, ikaletwa futi ya fundi seremala, 81 ileile. Akanifata nje, mpole: "Sasa nifanyeje, dada?" Semina zote hizo hakuna baba aliyewahi kuniuliza hivyo.

Tukakubaliana kuku mmoja ni wa mtoto, mayai yake hayauzwi, na mama akienda shamba aende na parachichi au uji, maana watoto wetu wanakula asubuhi wanasubiri usiku wakati umri ule ni mara tatu nne. Kusema kweli urefu uliopotea haurudi kirahisi, mi nilikuwa namlenga mdogo wake aliye tumboni. Na mwanzi ni wa kuwashtua tu, kipimo chenyewe ni ubao wa kliniki.

Mwanzi bure, makapeni ya kupigia alama buku. Juzi nikauona kwenye projekta semina moja, umeandikwa "ubunifu wa timu". Timu ipi, na kilabuni nilienda mwenyewe?