Siku moja kibandani kwangu Tandika: meseji zimegoma, foleni ndo kwanza inaanza

Mi ni wakala wa pesa za simu, nipo Tandika karibu na soko, kibanda chenyewe nikikunja magoti ndo naenea. Watu mnadhani kazi yetu ni kukaa kivulini na kuhesabu hela za wenzetu basi. Sasa ngoja niwape siku yangu ya jana ilivyokwenda, maana jana nilikoma.

Saa 11:15 alfajiri naamka, kabla sijawasha jiko naangalia simu kama kawaida. Juu kabisa kuna kile kitangazo, hifadhi imejaa, futa baadhi ya vitu. Nimekizoea kama mbu, wiki ya pili sasa kinakuja, nikakifyeka kwa kidole. WhatsApp nayo kuigusa inakataa kufunguka, inadai nipunguze vitu kwanza. Nikasema potelea mbali, afadhali, leo nitafanya kazi bila kelele za kundi la kikoba. (Najua mtanisema simu ya kazi iwe ya kazi tu. Nunueni nyingine mniletee.) Simu ni Samsung ya mtumba, GB 32, laini mbili, moja ya uwakala moja yangu mwenyewe.

Saa 1:00 nafungua kibanda, binti anayenisaidia hajafika. Si kawaida yake, yeye ndo huwahi, mi nachelewa. Napiga, haipatikani. Napiga tena, haipatikani. Na huyu binti tayari nilikuwa na kinyongo naye cha mwezi uliopita, nitawaambia huko mbele, kwa hiyo nikasema moyoni haya, ameanza.

Saa 1:25 anakuja dereva bajaji anatoa 30,000. Anabonyeza, anamaliza, ananigeuzia simu yake nisome meseji. Kwangu kimya. Sasa wakala yeyote anajua kwamba meseji iliyo kwenye simu ya mteja sio meseji, tumelizwa sana na watu wanaokuja na meseji walizotunga wenyewe, majina sahihi, salio sahihi, hadi kumbukumbu namba ipo.

"Dada nipe basi, abiria ananisubiri."

"Kaka kwangu haijaingia, vumilia kidogo."

Dakika tano, hakuna. Amekunja uso, nyuma yake wameshafika watatu. Ikanijia akili ya kuingia kwenye menyu niangalie salio, nakuta limepanda 30,000 kamili. Kumbe hela ipo ila meseji ndo haipo! Nikampa yake akaondoka anasonya. Hapo sikuelewa, baadaye ndo nikaja kuelezwa, ile menyu ya nyota na reli haihifadhiwi popote kwenye simu, inatokea unasoma inapotea, ndo maana hata simu ikijaa mpaka kooni yenyewe inafanya kazi. Meseji ni kitu kingine, lazima ipate pa kulala.

Kuanzia hapo mpaka saa 3 nikawa nafanya kazi kwa salio. Naangalia salio kabla, mteja anatoa, naangalia salio baada, napiga hesabu kwenye daftari ndo natoa hela. Jaribuni kufanya hivyo na watu sita wamekusimamia kichwani halafu mmoja anasema we dada network yako ya wapi. Nikazima nikawasha. Nikatoa laini nikaipangusa na kanga nikairudisha. Hakuna kitu.

Saa 3 na kitu nikasema si inasema imejaa, basi nifute. Nikaingia kwenye meseji nikaanza kufagia, za matangazo, za bahati nasibu, za tuma neno fulani kwenda namba fulani, nilifuta kama 600 kidole kinauma, naangalia hifadhi, haijasogea hata chembe. Nikahamia kwenye picha, nikafuta 200 na roho inauma maana kuna za mwanangu akiwa mdogo. Naangalia, bado vilevile! Nikaanza kuamini nimelogwa, kuna wakala mwenzangu pale kona nikamkumbuka.

Saa 4:30 nikatoa laini ya uwakala nikaiweka kwenye kiswaswadu changu cha zamani, kile cha vibonye. Ikaingia ya kwanza, ya pili, nikashusha pumzi. Ya tano ikaingia halafu kibahasha pale juu kikaanza kuwakawaka. Nimejaa. Yaani na wewe? Kile kilikuwa kimesetiwa kuhifadhi kwenye laini, na laini ni kitu kidogo sana, zipo zinazobeba meseji 20, zipo za 30, ukibahatika 50, zikijaa zimejaa. Halafu meseji zetu ni ndefu, kiasi, jina, kamisheni, salio, tarehe, ikipita herufi 160 inakatwa vipande viwili na kila kipande kinakalia nafasi yake, kwa hiyo nafasi 20 unaweza kujikuta una meseji 10. Nikafuta za humo zote, ni za mwaka juzi, na nikabadilisha zilale kwenye simu badala ya laini. Angalau kazi ikaendelea, ila laini yangu binafsi ilibaki kwenye Samsung na huko hakukuingia kitu, na mi wala sikuwaza.

Saa 6 jua limesimama, wateja wamepungua, nikamwachia kibanda mama wa ndizi nikakimbia kwa fundi wa upande wa pili. Kijana hakuangalia hata dakika, eti mama hii ni kuflashi tu, 15,000, unairudisha kama mpya. Nikamuuliza na meseji zangu? Akasema zinaondoka zote ila simu inakuwa nyepesi. Nikamwambia mwanangu, mi meseji zangu ndo risiti zangu. Mtu akirudi hapa baada ya wiki mbili anasema hela hukuniwekea, nitamwonyesha wepesi wa simu? Nikachukua simu yangu. Fundi ukipeleka simu neno la kwanza ni kuflashi, kama daktari anayesema kata mguu kabla hujavua kiatu.

Saa 8 mchana mtoto wa kaka yangu akapita, kamaliza kidato cha sita yupo yupo tu nyumbani, namtuma vocha za jumla. Akaniona nilivyonuna.

"Shikamoo shangazi, leo vipi?"

"Marahaba, we acha tu. Meseji haziingii tangu asubuhi."

Akakaa kwenye ndoo, akaingia kwenye mipangilio, hifadhi, akanigeuzia. WhatsApp peke yake GB 14. Meseji? Hata GB hazina, ni vi-MB. Akanipigia hesabu kwenye daftari langu la kazi (nimemsema kwa kulichafua). Meseji moja ya herufi 160 ni baiti 140 tu, sasa shangazi tufanye na vikorombwezo vyake inakula kilobaiti moja nzima, wewe una meseji kama 4,000, hiyo ni MB 4. Video moja ya harusi kutoka kikoba chenu hii hapa ni MB 16. Kwa hiyo ungefuta meseji zako zote za maisha usingepata nafasi ya nusu ya hiki kipande ambacho bibi harusi hata haonekani.

Nikabaki nimeduwaa. Na zile picha 200? Akafungua galari, akaenda kwenye pipa la taka, zote zipo zimejaa tele. Kwenye Samsung ukifuta picha inakaa humo siku 30 kwanza, na muda wote huo inakula nafasi ileile. Nikamwambia rudisha za mwanangu, nyingine mwaga.

Alipomwaga ndo WhatsApp ikakubali kufunguka. Akaingia mipangilio, hifadhi na data, dhibiti hifadhi, makundi yakajipanga kuanzia mlafi mkubwa: kikoba GB 5.8, ukoo wa Songea GB 3 na ushee. Akafuta video na mafowadi tu, maneno ya watu yakabaki. Akazima pia ile ya video kujishusha zenyewe. Akaniambia kila saa 8 usiku WhatsApp inatengeneza nakala yake humohumo kwenye simu, na inaweka za siku kadhaa nyuma, kwa hiyo inawezekana kabisa jana ulilala na kanafasi kadogo, ukaamka hakuna. Na simu ikikosa nafasi kabisa inaiambia network usinitumie meseji sina pa kuweka, network inazishikilia kwa muda wake, sio milele.

Wakati zinafutwa, inachukua muda hiyo, akawa anachokonoa mipangilio ya meseji. Akaniuliza, shangazi hii nani kaiwasha? Futa ujumbe wa zamani. Ndo nini? Akasema humu kila mazungumzo yakifika meseji 1,000, inayoingia mpya inaifukuza ya zamani kabisa, yenyewe kimyakimya.

Jamani. Meseji zote za miamala zinatoka kwa mtumaji mmoja, kwa hiyo ni mazungumzo mamoja. Mi kwa siku ya kawaida napata kama 60. Elfu moja gawanya kwa 60, siku 16, 17 hivi. Mwezi uliopita mteja alikuja kudai 45,000, eti wiki tatu nyuma aliniachia nimwekee sikumweka. Najua nilimwekea. Nikatafuta meseji mpaka macho yakauma haipo, daftari la wiki hiyo lilinyeshewa, yeye anapiga kelele mbele ya foleni, nikalipa kutoka mfukoni yaishe. Na nani alikuwa anashika simu mi nikienda kuswali? Binti. Sikumwambia wewe mwizi, ila nilimwambia kuna watu wanafuta meseji za watu, nikamwangalia. Na yeye akaelewa, maana hakula ule mchana.

Nikamwambia kijana izime. Akaizima, akaniwekea na programu ya SMS Backup & Restore, inachukua meseji zote inazifanya faili, nikaliweka kwenye memori kadi. Asubuhi hata isingeshuka, ingekaa wapi.

Saa 10 kasoro simu ikaanza. Tii. Tii tii. Ya benki, ya kaka, ya shule kuhusu kikao. Zikanyamaza. Wakati wa foleni ya watu wanaotoka kazini sikuangalia tena meseji zangu binafsi, nilirudisha laini ya uwakala mahali pake nikafanya kazi mpaka saa 1 usiku, hesabu ikakubali, imepungua 500, hiyo nimeisamehe.

Nafunga komeo ndo naona kuna nyingine zimeingia kimafungu bila mi kusikia. Moja ya binti. Nikagusa maelezo, imetumwa saa 11:52 alfajiri.

"Dada shikamoo. Mama kazidiwa usiku tupo nae Temeke hospitali. Leo sitaweza kuja nisamehe. Simu inazima chaji."

Nikampigia, ikaita. Mama yake kapumzishwa, kapewa dripu, kesho huenda wakaruhusiwa. Akaniuliza, dada ile meseji yangu uliipata? Nikamwambia niliipata mdogo wangu. Nikamtumia posho yake ya siku na ya nauli.

Ya ile 45,000 sijamwambia bado.